Mikono haiinuki, rangi inapasuka: je, nianze upya deraya yangu?

*Swali: Nimetumia miezi mitatu kutengeneza deraya ya shujaa wa gemu ninayoipenda, kwa ajili ya kosplei, yaani kuvaa kama mhusika. Nilichukua sponji ya EVA ya milimita 10, nikaikata kwa kufuata picha za gemu kutoka pande zote, nikaunganisha kwa gundi ya fundi viatu, kisha nikapuliza rangi ya fedha ya kopo. Ikiwa mezani inapendeza sana. Nilipoivaa kwa mara ya kwanza sikuweza kuinua mikono kupita kifua. Nilipokaa, dirii, yaani kipande cha kiwiliwili, ilinipanda hadi kidevuni. Rangi ikapasuka mistari mistari ubavuni, na maungio mawili ya begani yakaachia. Rafiki zangu wanasema sponji ni ya watoto, nitupe yote nifanye kwa plastiki ngumu au nichapishe kwa printa ya 3D. Nimebakiwa na wiki sita. Nianze upya?*

Hapana, usianze upya, na usitupe hata kipande kimoja kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Najua inavyouma kukihangaikia kitu miezi mitatu, halafu siku ya kukivaa kikakataa mwili wako. Umenieleza matatizo manne: mikono, dirii inayopanda, rangi na maungio. Ukiyatazama moja moja utadhani umekosea mara nne, ndiyo maana ushauri wa kubadilisha malighafi yote unaingia akilini. Mimi ninaona tatizo moja tu. Umejenga ganda moja, na mwili wako unataka vipande. Kila uliposogea ilibidi kitu kimoja kishindwe. Begani ulishindwa mkono, ukabaki chini, na gundi nayo ikaachia. Ubavuni ikashindwa rangi.

Hilo la sponji kuwa ya watoto liweke kando. EVA, yaani ethilini-vinili asetati, ndiyo inayotumika katika soli za kati za viatu vya kukimbilia, na huko inabeba uzito wa mtu mzima hatua baada ya hatua. Ndani yake mna vijumba vidogo vya hewa vilivyofungwa kila kimoja peke yake, hivyo ni nyepesi, hainywi maji kama sponji ya godoro, na inashika umbo jipya ikipashwa moto. Watengenezaji wenye uzoefu mkubwa huitumia kwa hiari yao. Na lau ungechapisha umbo hilohilo kwa plastiki ngumu, mikono isingeinuka vilevile. Tofauti ni kwamba plastiki ingekuchoma kwapani pale ambapo sponji ilikuonea huruma ikakunja.

Chanzo kipo katika maneno yako mwenyewe: ulikata kwa kufuata picha za gemu. Kutaka kufanana na picha ni jambo jema, lakini picha hizo zinaficha siri. Shujaa wa gemu hajavaa deraya. Mwili na vazi lake ni utando wa pembetatu ndogo ndogo unaovutwa na mifupa ya kompyuta iliyofichwa ndani. Anapoinua upanga, kifuniko cha bega huzama shingoni, ubavu wa dirii hunyooka kama mpira, na paja hupenya katikati ya mikanda ya kiunoni. Kompyuta hairuhusu wala haikatazi vitu viwili kukaa mahali pamoja, inachora tu. Kamera huwa mgongoni mwake, mambo yanakwenda kasi, na jicho halishtuki. Fungua gemu yako leo, mwinamishe shujaa au mkalishe, kisha zungusha kamera polepole hadi kwapani. Utaona chuma kikipita ndani ya chuma.

Halafu kuna vipimo. Urefu wa mtu mzima wa kawaida ni kama vichwa saba hadi saba na nusu. Shujaa wa kuchorwa mara nyingi hufika vichwa vinane au zaidi, mabega yake yamepanuliwa, na miguu imerefushwa ili aonekane mkubwa hata akiwa mdogo kwenye skrini. Ukikuza picha mpaka urefu wake ulingane na wako, kiwiliwili chake hakitalingana na chako. Dirii yako imekufika kidevuni ulipokaa kwa sababu hiyo: imekatwa kwa kiwiliwili cha mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti.

Tuanze na bega, maana hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Simama, weka kiganja cha kulia juu ya bega la kushoto, kisha inua mkono wa kushoto taratibu hadi juu kabisa. Utahisi mtulinga, mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, ukipanda na kuzunguka. Ukimwomba mtu akuwekee kiganja mgongoni, atahisi mfupa mpana wa bega ukiteleza juu ya mbavu. Katika nyuzi 180 hivi za kuinua mkono, takriban 120 hutoka kwenye kiungo chenyewe na 60 zilizobaki hutoka kwenye mfupa huo wa mgongoni. Kwa hiyo ukigandisha kifuniko cha bega kwenye dirii, hata kama umeacha nafasi nzuri kwenye kiungo, umeiba theluthi ya mwendo wote. Na kwa kuwa bega zima hupanda kuelekea sikioni, kifuniko kikishikamana na dirii huinua dirii nzima pamoja nacho.

Dawa yake ni kukata. Tenganisha vifuniko vya mabega na dirii kabisa, hata kama roho inakuuma. Kisha vaa dirii peke yake, jikumbatie kwa mikono yote miwili, na umwombe mtu achore mstari kwa chaki pale nyama ya mkono inapokutana na ukingo wa mbele wa sponji. Kata kidogo ndani ya mstari huo, ujikumbatie tena, ukate tena. Wengi hushangaa jinsi dirii inavyokuwa nyembamba sehemu ya mbele ya kwapa. Usiogope, kifuniko cha bega kitafunika pengo hilo.

Kifuniko chenyewe sasa kining'inize karibu na shingo. Mkanda mmoja wenye bizimu juu ya bega, karibu na kola, na lastiki pana kuzunguka mkono kwa ndani, chini kidogo ya kwapa. Hapo mkono ukiinuka, kifuniko kinafuata mkono na kugeukia shingoni. Kikiwa kikubwa, kama vilivyo vingi vya gemu, kigawe vipande vitatu vinavyopandana kama magamba ya samaki, kila kimoja kikifunika cha chini yake kwa sentimita 2 au 3. Viunganishe kwa ndani kwa mikanda mitatu: wa katikati uwe wa nailoni usionyooka, miwili ya pembeni iwe ya lastiki. Wa katikati unabeba uzito, ya pembeni inaruhusu vipande kufunguka na kufunga kama feni ya mkono.

Usidhani unapunguza uhalisi kwa kufanya hivi. Mafundi wa Milan na Augsburg katika karne ya 15 na 16 walifanya hivyo kwa chuma. Deraya kamili ya vitani ilikuwa na uzito wa kati ya kilo 15 na 25 hivi, na aliyeivaa alitembea, aliinama na kupanda farasi, kwa sababu ilikuwa na vipande vingi vilivyopandana, vilivyoshikwa kwa ndani na mikanda ya ngozi na ribiti zilizoteleza ndani ya matundu marefu. Vifuniko vya mabega mara nyingi vilining'inia kwenye kola. Kwapani, ambako chuma hakingeweza kwenda, walivaa vazi la kitambaa nene lililoshonewa viraka vya minyororo. Nawe fanya hivyo: vaa chini nguo nyeusi au ya rangi ya kivuli cha deraya yako, na pengo litaonekana kama kivuli tu. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima kuziba pengo la kwapa ambalo fulana nyeusi ingelimaliza kwa dakika moja.

Kiunoni ni rahisi zaidi. Jiinamishe upande mmoja. Pale ngozi inapokunjika ndipo kiuno chako halisi kilipo, na kwa watu wengi ni juu zaidi ya mahali wanapofungia suruali. Dirii iishie hapo. Sehemu iliyobaki hadi nyongani ikate iwe vipande vya kulala kimoja juu ya kingine, vikining'inia kwa mikanda kutoka ndani ya dirii. Ukikaa, vitakunjana vyenyewe na kidevu chako kitabaki salama.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo huwaponza hata wazoefu. Sponji ya milimita 10 ukiizungusha mwilini, upande wa nje hunyooka na upande wa ndani hujibana. Urefu uliokata unabaki sawa katikati ya unene tu. Kwa hiyo ukipima kifua chako na kukata sponji kwa kipimo hichohicho, ndani ya dirii utapungukiwa zaidi kidogo ya sentimita 3. Ongeza hizo, na unene wa nguo ya ndani, na nafasi ya kuvuta pumzi. Kama dirii yako inakubana, usiifumue yote: pasua ubavu mmoja, weka mikanda na bizimu, na utapata nafasi pamoja na mlango wa kuivalia. Mlango huo utaushukuru utakapohitaji kwenda msalani bila kuita watu watatu.

Kwa vipande vipya vya mabega, usikate tena kwa kufuata picha. Vaa nguo utakayovaa chini, umwombe mtu akuzungushie nailoni ya kufungia chakula kutoka shingoni hadi kwenye mkono, na juu yake utepe wa karatasi, bila kukaza. Chora mistari ya deraya moja kwa moja juu ya mwili wako kwa kalamu, huku picha ya gemu ikiwa mbele yako kama mwongozo wa sura. Aliye nawe akate ganda hilo kwa mkasi usio na ncha kali, mlilaze mezani, mkate kwenye mistari. Kila kipande kitakachokataa kulala bapa kikate mwanya wa pembetatu mpaka kikubali, maana mwanya huo ndio utakaozaa mviringo. Hicho ndicho kiolezo chako. Kikate kwanza kwa kadibodi, kifunge kwa utepe, ukivae. Kadibodi ikikuzuia, sponji itakuzuia zaidi.

Sasa rangi. Chukua ile hesabu ya unene uiangalie kwa macho ya rangi. Ukikunja sponji ya milimita 10 kuzunguka kitu chenye mviringo wa kiasi cha sentimita 5 kutoka kitovu chake hadi katikati ya sponji, ngozi ya nje hunyooka kwa asilimia 10. Sponji ya milimita 5 kwenye mkunjo huohuo hunyooka kwa asilimia 5 tu. Sponji haioni tabu. Rangi ngumu ya kopo, iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma na mbao ambazo hazinyooki, haiwezi, na mahali pekee pa kukimbilia ni kupasuka. Bila shaka uliipaka deraya ikiwa bapa au nusu bapa mezani, kisha ukaikunja mwilini. Ubavuni ndipo mkunjo ulipokuwa mkali, ndipo ilipopasuka.

Kwa hiyo umbo lije kabla ya rangi. Pasha sponji kwa mashine ya hewa moto, ukiisogeza bila kusimama mahali pamoja, mpaka ilainike na uso wake ubadilike rangi kidogo na kung'aa. Ikunje kwenye chupa kubwa, sufuria au paja lako lililovikwa nguo nene, uishike hapo mpaka ipoe. Sponji iliyopoa ikiwa imekunjwa husahau kwamba iliwahi kuwa bapa. Moto huo pia unaziba vinyweleo vya uso, rangi isizame ndani. Uso ukianza kutoa malengelenge, au ukisikia harufu ya uchachu kama siki, umezidisha, ondoa moto upesi.

Kisha weka kitu kinachonyooka kati ya sponji na rangi. Chaguo langu ni mpira wa kupuliza wa aina ya Plasti Dip, tabaka tatu hadi tano nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Wengi hutumia gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo. Ni rafiki wa mapafu na kwa chapeo au kifuniko cha muundi kisichokunjika inafaa sana, ila sehemu zinazokunjwa mara kwa mara nayo huishia kupasuka. Juu yake paka akriliki kwa brashi au sponji ndogo, kipande kikiwa kimefungwa katika umbo kitakalovaliwa, na umalizie na vanishi ya maji isiyo ngumu. Epuka kupuliza rangi ya mafuta juu ya mpira huo bila kujaribu: baadhi hubaki zinanata kwa siku nyingi. Siku zote jaribu mpangilio wako wote kwenye kipande cha ziada, kikunje kwenye chupa mara ishirini, ndipo uguse deraya yenyewe.

Rangi iliyopo usiioshe kwa tina. Itakula gundi na kuilegeza sponji. Chuna magamba yaliyokwisha kuachia, piga msasa laini pale penye mistari, pasha moto kipande kipate umbo, halafu funika yote kwa tabaka za mpira. Mistari myembamba itapotea. Itakayobaki igeuze makovu ya vita kwa rangi nyeusi ya majimaji inayofutwa kabla haijakauka, na mguso wa fedha kwenye kingo. Deraya mpya kabisa isiyo na mkwaruzo ndiyo inayoonekana bandia.

Kuhusu gundi, watu wengi hukosea kwa haraka. Gundi ya fundi viatu ni mpira ulioyeyushwa kwenye kiyeyushi. Unapaka pande zote mbili, unasubiri, kwa kawaida dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole isikufuate, ndipo unakutanisha na kubana kwa nguvu. Kinachoshika ni mpira kukutana na mpira. Ukikutanisha ikiwa mbichi, kiyeyushi hakina pa kutokea, kwa sababu vijumba vya EVA vimefungwa na havipitishi mvuke. Kinabaki katikati kikilainisha gundi siku baada ya siku, na siku unavaa, ungio linaachia. Mtazame fundi viatu akifanya kazi: hupaka soli, akaiweka kando, akaendelea na kiatu kingine. Kusubiri huko ni sehemu ya kazi.

Sababu ya pili ni aina ya nguvu. Gundi hii hustahimili sana vipande vikivutwa sambamba, lakini ni dhaifu vikichunwa kutoka pembeni, kama unavyomenya ndizi. Ulipoinua mkono, kifuniko kilichogandishwa kilichuna maungio hayo kuanzia ukingoni. Ukishatenganisha bega, mzigo huo unaondoka. Palipoachia, sugua gundi ya zamani kwa msasa, paka upya pande zote, na kwa ndani bandika utepe wa kitambaa kuvuka maungio. Na kata kwa wembe mkali kweli, kwa mikato mirefu miwili au mitatu, badala ya kusukuma mara moja. Wembe butu hurarua sponji, na kingo zilizoraruka hazikutani vizuri hata kwa gundi bora.

Sasa nipime kwa haki ushauri wa rafiki zako. Plastiki ya kulainika kwa moto, kama Worbla, hulainika kwenye nyuzijoto 90 hivi za Selsiasi, hushika pinde na mapambo madogo vizuri ajabu, na ikipoa ni ngumu kwelikweli. Ni ghali kuliko sponji, ni nzito zaidi, na uso wake una chembechembe zinazotaka kulainishwa. Ningeitumia kwa kingo na pembe zinazogongwa. Printa ya 3D haina mpinzani kwa vito, vichwa vya wanyama, bizimu za mapambo na kila kitu chenye ulinganifu mkali. Lakini PLA, plastiki inayotumika sana kwenye printa hizo, huanza kulegea karibu na nyuzijoto 60, na ndani ya gari lililoegeshwa juani baadhi ya sehemu zinaweza kufika huko. Dirii nzima ya kuchapishwa ni saa nyingi mno za mashine, kisha siku za msasa, na ukianguka nayo inavunjika yenye ncha. Kwa wiki sita, nikiwa na deraya ya sponji iliyokwisha fika nusu, nisingebadilisha. Ningechapisha pambo la kifuani tu, kama lipo. Na mtu akikushauri bao au bomba la PVC, usilichome wala kulipasha mpaka litoe moshi: PVC iliyozidishwa moto hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayounguza macho na mapafu.

Nikiwa hapo, nisikilize kuhusu pumzi yako. Gundi ya viatu mara nyingi ina tolueni au heksani. Kufungua dirisha peke yake hakutoshi ukipaka dirii nzima. Fanyia kazi nje, au penye upepo unaopita, na uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa, na hata ile ya vumbi, haizuii mvuke hata kidogo, ingawa ya vumbi unaihitaji wakati wa msasa. Mvuke huo unashika moto, kwa hiyo mashine ya hewa moto isiwashwe mpaka gundi ikauke na harufu iishe. Kichwa kikiuma au ukihisi kama umelewa, acha, toka nje. Ikiwa hali hiyo haiishi baada ya hewa safi, au ukianza kuhisi ganzi ya vidole vya mikono na miguu baada ya wiki za kufanya kazi na gundi, muone daktari na umtajie gundi kwa jina lililo kwenye kopo.

Ganzi inaweza kuja pia kwa njia nyingine. Mkanda unaobeba uzito wote juu ya bega hukandamiza mishipa inayoshuka mkononi. Vidole vikianza kuwasha au kufa ganzi ndani ya deraya, vua, panua mkanda, weka sponji laini chini yake, na hamishia uzito kwenye mkanda wa kiuno. Ganzi isipoondoka baada ya saa chache, hilo ni la daktari. Kisha kuna joto: EVA haipitishi jasho, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kunywa maji kabla ya kiu, vua chapeo kila unapopata kivuli, na uwe na mtu wa kukufuata anayejua kufungua bizimu zako zote. Mtu aliyevaa akianza kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka au kutapika, avuliwe mara moja, apozwe kwa maji, na msaada wa dharura uitwe bila kungoja kuona kama atapata nafuu.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi hayawezi kukufanyia, na hapo tafuta mtu wa kukuona ana kwa ana. Mgongo wako huwezi kuupima mwenyewe. Fundi cherehani, au mtengenezaji mwenzako mwenye uzoefu, ataona kwa dakika chache kwamba bega moja limeshuka au kwamba dirii inavuta upande, kitu ambacho ungekitafuta kwenye kioo siku nzima. Na mikanda inayobeba uzito mpelekee fundi viatu aishone na kuipiga ribiti. Mashine yake hupita kwenye ngozi na nailoni ambazo sindano ya nyumbani haipiti, na yeye anajua mkanda hukatikia wapi.

Wiki sita zinatosha. Ya kwanza isiwe na gundi kabisa: ni ya kukata, kuchora na kuvaa kadibodi. Ya pili na ya tatu ni za mabega mapya, vipande vya kiunoni na mlango wa ubavuni. Ya nne ni ya mikanda na kuivaa saa nzima ndani ya nyumba, ukikaa, ukiinama kuokota kitu, ukipanda ngazi, kabla ya tone lolote la rangi. Ya tano ni ya rangi. Ya sita iache wazi kabisa, kwa sababu kitu kitaachia.

Anza na bega la kushoto peke yake. Ukishaweza kugusa kisogo chako ukiwa umelivaa, pindua kiolezo chake ukate la kulia.